Hata Shamba Hupigiwa Hodi

Mtu aamkaye alfajiri ya Jumamosi hapa Nyalikungu, katika mji wa Maswa, husikia filimbi kwanza, kisha vishindo vya viatu juu ya changarawe, na hatimaye huwaona wenyewe: vijana thelathini au arobaini, wake kwa waume, wamevaa fulana za rangi moja, wanakwenda kwa mbio za pole huku wakiitikiana nyimbo za mchakamchaka walizojifunza tangu shule ya msingi. Nyuma yao hufuata kundi la pili, la watu wa rika langu, ambao hawakukimbilia ushindi wala ujana. Wamekimbizwa na daktari. Hivi ndivyo vikundi vya mbio ambavyo lugha ya mitaani imezoea kuviita jogingi, na ambavyo kutoka Temeke na Ilala vimeenea mpaka katika miji midogo ya mikoani.

Nianze kwa kusema kweli ya nafsi yangu, ili ndugu msomaji asije akadhani kwamba nasimama juu ya kichuguu na kuwahukumu wengine. Mimi ni mlezi wa kikundi kimojawapo. Nilipewa heshima hiyo kwa kuwa ni kada, na makada hatukosi kualikwa mahali penye fulana mpya na kipaza sauti. Baadaye nikaanza kukimbia kweli, baada ya kupimwa presha na kuambiwa maneno ambayo sikuyapenda. Kwa hiyo haya nitakayoyaeleza sikuyasikia barazani. Niliyaona, nikanyamaza, na kwa kunyamaza kwangu nikawa mshiriki.

Faida ya mbio hizi haihitaji mjadala mrefu. Desemba 2016 Makamu wa Rais wa wakati ule, Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi kwa ajili ya kupambana na maradhi yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatajwa kuwa siku ya wananchi kutoka nje na kunyoosha viungo. Isitoshe, nchi yetu ina historia yake katika mchezo huu. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Suleiman Nyambui alirudi kutoka Moscow mwaka 1980 na medali ya fedha. Na Septemba 2025, kule Tokyo, Alphonce Simbu akawa bingwa wa dunia wa marathoni kwa tofauti ndogo kuliko kupepesa jicho. Baada ya ushindi huo hata watoto wa hapa mjini walikuwa wakikimbia kwenda dukani kununua chumvi.

Tatizo letu si kukimbia. Tatizo letu ni mahali pa kukimbilia.

Barabara kubwa ipitayo kwetu ni ile ya lami itokayo Mwigumbi, ikapita Maswa na Bariadi hadi Lamadi. Ni barabara njema, tuliyoisubiri kwa miaka mingi, lakini malori ya pamba na mabasi ya alfajiri hayajui habari za presha ya mtu. Julai 2023, jijini Mwanza, gari liliwaparamia wanamichezo waliokuwa katika mbio za asubuhi, na watu kadhaa wakapoteza maisha. Habari ile ilipofika kwetu, viongozi wa kikundi walikaa na kuamua, kwa busara kabisa, kwamba tuiache lami. Tukakata kona nyuma ya mji, tukaifuata njia ya miguu inayoshuka kuelekea kijiji cha jirani, ikapita kati ya mashamba, ikazunguka mawe makubwa, kisha ikarudi mjini kwa upande wa pili. Ilikuwa njia nzuri mno. Hewa safi, hakuna moshi, na jua likichomoza linakukuta juu ya mwinuko, mbuga yote iko mbele yako.

Katika uamuzi huo wa busara kulikosekana jambo moja tu, nalo ni kwamba hakuna aliyekwenda kuuliza mashamba yale ni ya nani.

Yafaa nieleze kidogo namna njia ya miguu ya Usukumani ilivyo, kwa manufaa ya wasomaji wa miji mikubwa. Njia hiyo ni mstari mwembamba, upana wa mtu mmoja aliyebeba ndoo kichwani, au wa baiskeli moja. Haina mtaro wala alama. Inapita pembeni mwa shamba la pamba, inakata katikati ya viazi, inapita chini ya mwembe wa fulani, inaambaa na ua wa minyaa wa boma la fulani, na pengine inapakana na makaburi ya ukoo, maana hapa kwetu watu wengi huzikwa nyumbani kwao, si katika makaburi ya umma. Anayepita njia hiyo anajulikana: ni mama aendaye kisimani, ni mtoto wa shule, ni mgeni anayeelekea msibani. Kila apitaye humwamkia mwenye nyumba, “Mwangaluka!”, naye huitikiwa, na kwa maamkizi hayo ameshajulisha yu nani na anakwenda wapi. Hapana mkataba ulioandikwa, lakini ruhusa hutolewa na kupokewa kila siku.

Sasa fikiri watu arobaini wanapoingia katika mstari huo kwa safu za watatu watatu.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba 2024 hapakuwa na neno, kwa sababu ardhi ilikuwa kavu, pamba ilikuwa imekwisha kuvunwa, na masalia yake yamekwisha kung'olewa na kuchomwa moto. Mtu aliweza kukanyaga popote asiharibu kitu. Tukadhani tumekubaliwa. Mvua zilipofika Novemba, wakulima wakapanda, na udongo mweusi wa mbuga ukawa kama ulimbo. Anayeufahamu udongo ule anajua kwamba ukikanyagwa ukiwa umelowa, njia huwa utelezi, na mkimbiaji asiyetaka kuanguka huhamia pembeni, palipo pakavu. Hapo pembeni ndipo penye matuta. Wiki ya kwanza ilipotea mistari miwili ya miche ya pamba. Wiki ya tatu njia ya mtu mmoja ilikuwa imekuwa barabara. Chupa za maji zilibaki mashambani, na plastiki ni adui wa ng'ombe kama ajuavyo kila mfugaji. Filimbi zetu zilitimua ndama katika ngitili ya mzee mmoja, yaani ile sehemu ya malisho ambayo Msukuma huifunga wakati wa mvua ili majani yake yamwokoe kiangazi. Ngitili si pori. Wazee wetu waliitunza tangu kale, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, wakati Maswa ikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, ulijengwa juu ya desturi hiyo hiyo, na sehemu kubwa ya miti na majani tunayoyaona leo ilirudi kwa njia hiyo. Sisi tulipita humo kana kwamba ni kiwanja cha mpira.

Nilikwisha kusema kwamba niliona. Niliiona miche iliyolala. Nilijiambia kwamba nitalisema jambo hilo katika kikao, na kikao kikaja, tukazungumzia rangi ya fulana.

Januari 2025, asubuhi moja, tulipofika chini ya mwembe, njia haikuwapo. Mwenye shamba, mzee wa miaka zaidi ya sabini, alikuwa amechimba mtaro wa kina cha goti, akarundika matawi ya miiba, na nyuma ya miiba akachomeka vijiti vya minyaa ambavyo, kwa mvua ile, vingekuwa ua kamili kabla ya mwaka kwisha. Vijana walicheka, wakaruka. Mmoja alichanika mguu. Wengine walitoa maneno ambayo sitayarudia hapa. Tukageuka, tukarudi mjini kwa njia nyingine, nasi tukadhani kwamba hasara ni yetu.

Hasara haikuwa yetu. Kesho kutwa yake, siku ya Jumatatu, watoto wa shule wa vitongoji vitatu walikuta njia yao imefungwa. Ikawabidi wazunguke hadi barabara ya lami, ile ile tuliyoikimbia sisi watu wazima kwa kuogopa malori, wakaifuata kando kwa kando hadi shuleni. Akina mama waliokuwa wakienda kisimani kwa dakika chache walianza kutembea mara mbili ya mwendo ule, na ndoo kichwani. Watu waliokuwa wakipita pale kwa idhini ya vizazi vingi walinyimwa njia kwa sababu ya watu walioipita kwa miezi michache bila idhini yoyote. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa mzee pamoja na mwenyekiti wa kikundi, kijana mwalimu, na msichana mmoja ambaye mama yake ni mzaliwa wa kijiji kile. Nilijitayarisha kwa hoja. Nilikuwa na sheria kichwani na nilikuwa na cheo. Mzee alitupokea kwa adabu zote, akatoa viti, akaagiza maji. Kisha akaniuliza, “Katibu, ulipita hapa mara ngapi?”

Nikamjibu, “Mzee wangu, kila Jumamosi.”

“Nami nilikuwa nimekaa pale, chini ya mwembe, kila Jumamosi. Uliniamkia lini?”

Sikuwa na jibu. Akaendelea, kwa sauti ya chini, kwamba pamba aliyoipoteza angeweza kuisamehe, maana kunguru na panzi nao hula. Lakini watu arobaini kupita mbele ya mtu mzima nyumbani kwake, wakiimba, bila hata mmoja kumgeukia, jambo hilo aliliona mara moja tu katika maisha yake, nalo ni wakati wa Operesheni, alipokuwa kijana, watu walipokuja kuhesabu nyumba. Alikuwa anakusudia miaka ile kati ya 1973 na 1976 wananchi walipohamishiwa katika vijiji. Yeye, kama wengi, alirudi baadaye kwenye mahame ya baba yake, na mwembe ule aliukuta umesimama.

Niliposoma chuoni, kabla sijaingia shule ya Serikali, maalimu wetu alitufundisha hadithi ya Mtume juu ya haki ya njia: kwamba mwenye kuitumia njia ana wajibu wa kuinamisha macho, kujizuia na kuudhi watu, na kujibu salamu. Tulihifadhi hadithi hiyo tukiwa wadogo, na aliyekosea alionja kiboko. Nilikaa mbele ya mzee yule asiye Mwislamu, na mafundisho yale yakanirudia kama deni.

Lakini tusiishie katika adabu peke yake, maana vijana wetu wana hoja, na hoja hujibiwa kwa hoja. Wapo waliosema, na katika kikundi nilisikia mara nyingi, kwamba katika Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kumzuia raia kupita. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja, ule wa kikoloni, ulifutwa mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ambazo zilianza kutumika Mei 2001, zinatamka kwamba ardhi yote ni ya umma na iko chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Nusu ya pili, waliyoisahau wasemaji wetu, ni kwamba sheria hizo hizo zinalinda haki ya mtu ya kuitumia ardhi aliyo nayo, awe na hati au awe anaikalia kwa mila. Haki ya kimila ya mkulima wa kijijini ina hadhi sawa na haki inayotolewa kwa hati mjini. Umma ukimkabidhi mtu shamba, umemkabidhi na kinga ya shamba hilo. Vinginevyo kila mpita njia angejichumia mahindi kwa hoja ya kwamba na yeye ni umma.

Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa udhamini, chini ya macho ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ndani yake mna ardhi ya pamoja, mna ardhi inayokaliwa na watu au familia, na mna ardhi ya akiba. Mkimbiaji anayetoka mjini akaingia kijijini anapita katika aina hizo kwa dakika kumi bila kujua mpaka uko wapi. Kuhusu njia, Sheria ya Ardhi inatambua kwamba umma unaweza kuwa na haki ya kupita katika ardhi ya mtu, ila haki hiyo huanzishwa kwa utaratibu: huombwa kwa Kamishna wa Ardhi, wahusika huarifiwa, na aliyepata hasara hulipwa fidia. Haianzishwi kwa filimbi. Kwa upande wa jinai, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 299, inamtia hatiani mtu aingiaye katika mali ya mwenziwe kwa nia ya kutenda kosa, au kumtisha, kumtukana au kumuudhi mwenye mali. Sidhani kama kijana wetu hata mmoja alikuwa na nia hiyo. Lakini yale maneno yaliyotupwa asubuhi ya miiba yalikuwa yanakaribia.

Na mwenye shamba naye hana ruhusa ya kufanya atakavyo. Njia iliyotumiwa na watu wote kwa miaka mingi kwenda kisimani na shuleni si jambo la kufungwa na mtu mmoja kwa jembe lake, hata akiwa ameudhiwa kiasi gani. Kwa ugomvi wa namna hiyo liko Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao wasiopungua watatu ni wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Ikishindikana huko, lipo Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 limebaki na kazi ya usuluhishi katika mambo ya ardhi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mzee wetu hakupita mlango wowote kati ya hiyo. Tulipomweleza, alikubali kosa lake upesi kuliko sisi tulivyokubali letu.

Jambo hili si letu peke yetu. Wako wakimbiaji wa starehe wenye mtandao wa dunia nzima, waitwao Hash House Harriers, ambao walianzia Kuala Lumpur mwaka 1938 kwa juhudi za Mwingereza A. S. Gispert na wenzake, na ambao vikundi vyao vimekuwapo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Desturi yao ni kwamba mtu mmoja hutangulia na kuweka alama za njia, mara nyingi kwa unga au chokaa au vipande vya karatasi, na wengine humfuata kwa kuzitafuta alama hizo vichakani, mashambani, hata uani mwa watu. Mchezo wa namna hiyo hauwezi kudumu pasipo kuwaendea wenye ardhi mapema. Agosti 2007, katika mji wa New Haven nchini Marekani, wakimbiaji wa jamii hiyo walimwaga unga kwenye maegesho ya duka kubwa bila kumwarifu mtu. Duka likafungwa na watu wakatolewa nje kwa hofu ya sumu, na wawili wakakamatwa. Nacheka kidogo nikiwaza kama unga ule ungemwagwa alfajiri katika njia panda ya Maswa, mbele ya shamba la pamba la mtu. Hapa kwetu hakuna ambaye angefikiria michezo. Wangeitwa wataalamu wa aina nyingine, na mambo yangekuwa mazito kuliko ya New Haven.

Uingereza nako, ambako ardhi nyingi iko mikononi mwa makabaila, wafanyakazi wa viwanda vya Manchester walipanda mlima wa Kinder Scout tarehe 24 Aprili 1932, wakiingia kwa makusudi katika eneo la uwindaji lililokuwa la Mtawala wa Devonshire. Watano walifungwa, akiwamo kijana Benny Rothman aliyepewa miezi minne. Ilichukua hadi mwaka 2000 Bunge lao kupitisha sheria ya kumruhusu mwananchi kutembea katika milima na nyika za nchi yake. Wapo kwetu watakaousoma mfano huo na kuwapigia makofi vijana wa fulana. Mimi nawapigia makofi wale wa Manchester, lakini naomba tutazame waliyempinga. Wao walimwingilia kabaila aliyefunga mlima mzima kwa ajili ya kuwinda ndege. Sisi tulimkanyagia pamba mkulima wa ekari nne. Hata mwendo wa miguu wa Mwalimu Nyerere, Oktoba 1967, kutoka Butiama hadi Mwanza kwa siku nane, ulikuwa wa watu kupokeana njiani. Na Mwenge wa Uhuru, wenye Serikali nzima nyuma yake, hutangaza ratiba kabla haujafika kijijini.

Suluhu ilipatikana Februari 2025, chini ya mwembe ule ule, mbele ya wajumbe wa Baraza la Kijiji na mtendaji. Sitaipamba. Kulikuwa na mzozo wa saa mbili juu ya idadi ya mistari ya pamba, na mjumbe mmoja mama alitusema sisi watu wa mjini kwa maneno makali ambayo yote yalikuwa kweli. Mzee mwingine akakumbusha habari za nsumba ntale, kiongozi wa vijana katika desturi ya Wasukuma, ambaye aliwakusanya wenzake kumlimia mtu mwenye shida au mwenye kuhitaji msaada, na ambaye alijibu kwa wazee kwa lolote walilolifanya vijana wake. Akauliza: hawa wa fulana, nsumba ntale wao ni nani? Macho yote yakanigeukia mimi. Ni mlezi, nami ndiye niliyepaswa kuwa yeye.

Basi fidia haikutolewa kwa fedha. Kikundi kilikwenda kupalilia pamba ya mzee Jumamosi mbili mfululizo, badala ya mbio, na nawahakikishia wenye presha kwamba jembe ni zoezi kubwa kuliko viatu vya bei. Mtaro ulifukiwa siku ya kwanza ili watoto wapite, kabla hata jembe letu halijagusa ardhi. Hilo mzee alilitaka mwenyewe. Miiba ikachomwa. Ikakubaliwa kwamba wakati wa mvua kikundi kitapita njia ya ng'ombe, yaani palio, ambalo ni pana na ni la wote, na kwamba kiangazi kitarudi kwenye njia ya mwembe, kwa mstari mmoja, bila filimbi karibu na ngitili, na bila kukata makaburini. Mtendaji aliandika yote katika muhtasari, nasi tukatia sahihi.

Linalobaki kunisumbua ni mji wenyewe. Maswa inakua. Tangu mkoa wa Simiyu uanzishwe mwaka 2012, mashamba ya pembezoni yamekuwa yakikatwa viwanja, na mnunuzi wa kiwanja hajui mwembe wala kisima. Anajua mawe ya mipaka manne, na siku ya pili anajenga ukuta wa matofali. Njia ya miguu isiyochorwa hufa hapo, na hapana minyaa ya kung'oa. Tunayo Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi na Sheria ya Mipango Miji, zote za mwaka 2007, zinazotaka wananchi washirikishwe kabla ramani haijachorwa. Katika mikutano ya namna hiyo niliyohudhuria, watu waliuliza juu ya zahanati, shule, soko na majosho. Sikusikia mtu akiuliza juu ya njia ya miguu, nami sikuuliza. Sisi viongozi tumekuwa hodari wa kukabidhi fulana na kupiga picha na vikundi hivi, hasa mwaka wa uchaguzi unapokaribia, lakini kumwomba mpima ardhi aache hatua mbili kati ya kiwanja na kiwanja ili mama apite na ndoo, na kijana apite na mbio zake, hilo halina picha nzuri na kwa hiyo halina mtetezi. Vikundi vyenyewe, badala ya kudai haki baada ya ukuta kujengwa, vingeweza kwenda katika mikutano ya vijiji na mitaa leo na kuzitaja njia hizo kwa majina yake, maana wao sasa wanazijua kuliko diwani.

Oktoba hii, kabla ya kupanda, mwenyekiti wetu alikwenda kwa mzee kuuliza mwaka huu analima nini na upande gani. Ameambiwa kwamba mtama utakuwa magharibi ya mwembe, hivyo tupite mashariki. Mzee alikuwa na lalamiko moja tu. Alisema watu arobaini wakimwamkia mmoja mmoja, naye akimwitikia kila mmoja kama inavyopasa, maziwa yanachelewa kukamuliwa. Tumeelewana kwamba aliye mbele ataamkia kwa niaba ya wote, isipokuwa sisi wa kundi la nyuma, ambao kwa mwendo wetu tuna nafasi ya kutosha kumsalimu na kumuuliza habari za nyumbani.